Mikono Chini ya Kanga

Cherehani ilisikika kabla nyumba haijaonekana. Ilikuwa inakwenda mbio, krrr, inasita kama mtu anayevuta pumzi, kisha krrr tena. Wanawake wanne waliokuwa wakifuatana kwenye uchochoro ule wa Mchikichini wakajua kwamba mwenyewe yumo ndani na kazi imemkaba. Zulekha, aliyetangulia, akapunguza mwendo. Nyuma yake Ritha akamnong'oneza asisimame, maana yeye akisimama wote watasimama, na wakisimama hapo hawatafika tena.

Cherehani hiyo ndiyo waliyoifuata.

Severa alikuwa ameinama mlangoni pa chumba chake, mguu mmoja umevaa ndala na mwingine peku juu ya pedeli. Aliinua macho akawaona wote: Zulekha mwenyekiti wa kikundi, Ritha mtunza fedha, Sabaha, na Sitara mdogo wao aliyembeba mtoto mgongoni. Akaliona na guta la kubebea mizigo limeegeshwa nyuma yao, dereva wake anatafuna muwa. Hakuuliza. Aliwakaribisha, akawaomba wamsubiri kidogo amalizie pindo la sketi ya shule ya mtoto wa watu, kwa sababu alishalipwa nusu.

Basi wakasubiri. Walisimama pale kama wageni waliokuja kuposa, hakuna anayejua aweke wapi mikono, mpaka Severa alipokata uzi kwa meno na kuikunja sketi vizuri. Zulekha alikuwa amelala na maneno yake tayari. Alijipanga kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kuvutana kanga mbele ya majirani, na kwa kila kimoja alikuwa na jibu. Alichokutana nacho kilikuwa kibaya zaidi. Severa alitoa kibobini, akatoa kichupa cha mafuta, akavifunga kwenye kitambaa akavitia ndani ya droo ya cherehani ili visipotee njiani. Kisha akamwonyesha Sitara pa kushika ili mkanda usichomoke.

"Si mimi, Severa," Zulekha alisema. "Ni sheria ya mkopo. Ulisaini mwenyewe."

"Najua, mwenyekiti."

Miaka sita walikuwa pamoja, na siku zote alikuwa akimwita dada Zule. Zulekha alilisikia lile neno mwenyekiti, lakini Ritha alishainua upande wake, na chuma ni kizito, na dereva wa guta ana haraka zake. Wakati wanatoka, Severa alikuwa bado anamtazama, kwa namna ya mtu anayesubiri kuulizwa kitu. Zulekha akatazama chini.

*

Kikundi chao kiliitwa Kanga Moja, na kilianza kabla ofisi yoyote ya mikopo haijawajua. Walikuwa wanawake watano wenye meza za mitumba zilizopakana sokoni. Hakuna aliyeweza kununua belo zima peke yake, kwa hiyo walichanga watano, wakanunua moja, wakalipasua pamoja na kugawana. Zulekha wa Kilwa alileta sauti yake, Ritha akaleta hesabu, Severa wa Masasi akaleta cherehani. Nguo iliyochanika haikutupwa. Severa aliishona, na faida ikawa ya wote.

Na walikuwa na utaratibu wao wa kufunika. Mwenzao akipungukiwa, hawakujadili. Zulekha aliweka sinia katikati, akatandaza kanga juu yake, na kila mmoja akapitisha mkono chini ya ile kanga. Aliyenacho alitia. Asiyenacho aliingiza ngumi tupu akaitoa. Hakuna aliyeona cha mwenzake, hakuna aliyeuliza, na aliyesaidiwa hakujua amshukuru nani, kwa hiyo aliwashukuru wote. Waliuona utaratibu huu ni uungwana mkubwa kuliko wote sokoni, na kweli ulikuwa uungwana. Wenye nacho hawakuringa, wasio nacho hawakuaibika.

Mkopo nao, tuseme haki, haukuingia kama jambazi. Uliletwa na Leodegar, afisa mikopo, kijana mpole wa shati lililonyooshwa, aliyewaamkia shikamoo mmoja mmoja. Alieleza kwamba ofisi yake inakopesha kikundi, kila mmoja anachukua wake, na wote wanadhaminiana. Awamu ya kwanza Ritha alipaua nyumba yake Mbagala. Sabaha akaongeza meza. Kila mmoja akaanza kununua belo lake mwenyewe, na ile siku ya kupasua pamoja na kucheka juu ya makoti ya Wazungu ikafa yenyewe, bila msiba. Kilichobaki ni Jumanne. Kila Jumanne saa nne wanakaa, kila mmoja anatoa rejesho la elfu arobaini na tano, na hakuna anayeruhusiwa kunyanyuka mpaka la mwisho liingie. Polepole wakaacha kuulizana habari za nyumbani. Waliulizana, "Umetimiza?"

Mwezi wa Ramadhani mwaka huu, Zulekha alipasuliwa uvimbe tumboni. Wiki sita hakufika sokoni. Alilala akihesabu Jumanne moja baada ya nyingine huku mshono unamuuma, na kila Jumanne Ritha alimpigia simu kumwambia asiwe na wasiwasi, wamefunika, limetimia. Aliporudi alipika pilau akawalisha wote wanne sawasawa, akawashukuru wote kwa mkupuo mmoja. Severa alikula, akasifia viungo, akaosha vyombo.

Kuanzia mwezi wa sita Severa akaanza kuyumba. Wiki ya kwanza walifunika, ikapatikana. Ya pili ikapatikana nusu. Ya tatu Zulekha alipofunua kanga alikuta sarafu ya mia mbili na noti moja ya elfu tano, na ile noti aliitia yeye. Kila mmoja alikuwa na rejesho lake shingoni. Leodegar akasogeza siku mara moja, mara mbili, kisha, kwa upole uleule, akatoa karatasi ya dhamana. Kwenye dhamana Severa alikuwa ameandika cherehani. Kikundi kikichelewa kumalizia deni lake hadi Ijumaa saa sita mchana, awamu ya nne ya mkopo hakuna, kwa yeyote.

Na awamu ya nne ndiyo aliyokuwa akiiota Zulekha. Alishaiona fremu ya duka Kariakoo, ndogo lakini yenye mlango wa chuma na kivuli, akaongea na dalali, akapima kwa hatua zake pa kutundika magauni. Miaka ishirini na miwili alikuwa anauza juani. Usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo alijiambia kwamba Severa amezembea, kwamba kila mtu ana matatizo, kwamba mwenyekiti ni mwenyekiti. Mtu akitaka kufanya kitu, maneno ya kukihalalisha hayakosi.

*

Duka la Anjana liko mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, limebanwa na maduka ya vitambaa pande zote mbili. Kariakoo nzima inamwita Mama Jeet, kwa jina la mwanawe mkubwa. Anauza cherehani mpya na kukuu tangu enzi za baba mkwe wake, na hapunjwi. Zulekha alifika na guta peke yake; Mama Jeet alilizungusha gurudumu la cherehani mara mbili, akainama kusikiliza, akataja bei. Zulekha akapandisha, yeye akashusha, wakakutana. Saa sita kasorobo. Fedha ikaingia kwenye simu ya Zulekha, na palepale kaunta akairusha kwenye namba ya ofisi ya mikopo. Ujumbe wa shukrani ukarudi. Alihisi mabega yanamshuka.

Ndipo Mama Jeet, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye droo, alipokiona kile kifurushi cha kibobini na mafuta.

"Hii si ya yule mama wa Masasi?" alisema. "Nimemjua kwa hiki kichupa. Mwambie overloki yake bado ninayo. Nilimwahidi nitamshikia mpaka mwisho wa mwaka, sijaiweka mbele ya duka hata siku moja."

Zulekha akauliza overloki gani. Alijua Severa aliwahi kuwa na mashine ya pili, ya kumalizia pindo, lakini Severa alisema imeharibika ameipeleka kwa fundi.

Imeharibika wapi, Mama Jeet alishangaa. Ilikuwa nzima kama mpya. Aliileta mwenyewe mwezi wa Ramadhani, kwenye mkokoteni, akaiuza laki mbili na themanini, na alipoulizwa kwa nini anauza mkono wake wa kulia akasema dada yake kapasuliwa uvimbe, yuko kitandani, na kuna malipo ya kila wiki hayasubiri.

"Nilimwonea huruma sana," Mama Jeet akasema. "Vipi, dada yake alipona?"

Severa hakuwa na dada. Kwao Masasi walizaliwa wanaume watupu na yeye. Aliwahi kumsimulia Zulekha hayo miaka sita iliyopita, siku ya pili tu ya kujuana, wakila mihogo ya kukaanga juu ya belo, na akaongeza kwamba amemtafuta dada maisha yake yote.

"Alipona," Zulekha alisema.

Alitoka nje akasimama katikati ya watu. Mkokoteni wa maboksi ukamkosa kidogo, msukumaji wake akamfokea, mama umelewa. Arobaini na tano mara sita. Hata asiyejua hesabu angeweza. Akampigia Ritha, akamuuliza bila salamu alikuwa anatia shilingi ngapi kwenye sinia zile Jumanne sita.

Ritha alianza kwa ukali, mambo ya zamani hayo ya nini, na tangu lini kilichotiwa chini ya kanga kinaulizwa. Kisha ukali ukamwisha. Wiki ya kwanza alitia elfu tatu, akasema. Halafu akaona kila wakifunua sinia limetimia, akajua wenzake wanatia, akapumzika. Sabaha alijibu hivyohivyo, karibu kwa maneno yaleyale. Sitara ndiye aliyelia kwenye simu. Alisema aliingiza ngumi tupu wiki zote sita, na kila akiitoa alikuwa anaomba Mungu wasimtambue.

Kila mmoja aliamini wenzake wanambeba Zulekha. Aliyekuwa anambeba ni mmoja, na wao wanne, na aliyebebwa akiwa mbele, wamekwenda kumnyang'anya alichobakiwa nacho.

Alirudi ndani akamwambia Mama Jeet airudishe. Mama Jeet alimtazama juu ya miwani, akasema atairudisha sasa hivi, alete fedha tu. Zulekha akafungua simu. Salio lilikuwa la kununulia vocha.

*

Severa hakuwa chumbani. Jirani alisema yuko kwa waosha viatu, ameanza wiki iliyopita. Zulekha alimkuta nyuma ya soko, pale mitumba ya viatu inaposuguliwa kabla ya kupangwa mezani. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, povu hadi viwikoni, mbele yake raba zimepangwa juu ya maboksi zikianikwa. Analipwa kwa jozi. Zulekha alichuchumaa kando yake. Brashi tu ndiyo ilikuwa inasema.

"Ungeniambia," Zulekha alisema mwishowe.

"Nikuambie nini?"

"Nimetoka kwa Mama Jeet."

Brashi ikasimama. Severa akaitazama ile raba iliyo mkononi kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Yule mama anaongea sana," alisema, akaendelea kusugua. "Ningekuambia ningekuwa nakudai. Mimi sikukukopesha. Nilikuwa nakuuguza."

"Lakini leo asubuhi, Severa. Umetuona tumesimama mlangoni. Neno moja tu ungesema, tungeondoka na guta tupu."

"Ili iweje? Mniachie kwa aibu?" Akaichovya raba kwenye maji, akaitoa. "Nilikuwa nangoja uniulize. Overloki ilipoondoka kazi zilipungua. Tangu mwezi wa sita sijafungua belo. Meza yako na yangu zinagusana. Umeniona naweka gauni lilelile la njano wiki kwa wiki, nalikung'uta, nalitundika. Ukanipita kila asubuhi ukaniuliza rejesho liko wapi. Hukuniuliza mtaji wangu umeenda wapi. Hata leo, nimekaa nakutazama, nikasema labda mlangoni. Labda akifika kwenye guta atageuka."

Zulekha alisema atairudisha cherehani. Atakopa kwa shemeji yake, atauza meza, atakwenda kwa wale wanaokopesha mitaani kwa siku.

Severa akacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Ukope tena? Hebu acha, dada Zule."

Jina lile lilipotoka, Zulekha alidhani amesamehewa, akaanza kulia na kuzungumza kwa pamoja. Akamwambia abaki, wataanza upya, wawili tu, belo moja, kama zamani. Severa alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba ameshakata tiketi. Jumapili anapanda basi la Masasi. Korosho zimeanza kuanguka na kaka yake anataka watu wa kuokota. Chumba ameshamrudishia mwenye nyumba, sufuria amempa jirani.

"Umeninunia," Zulekha alisema.

"Hapana. Sina kinyongo na wewe, Mungu anajua. Nimechoka kukuona tu. Nikikuona nakumbuka nilivyokuwa nakupenda, na inaniuma."

Hakulisema kwa hasira, na hapo ndipo Zulekha alipoelewa kwamba hakuna kitu cha kurudisha. Cherehani ingerudi kesho ingekuwa chuma. Alikaa na jambo hilo, magoti yake kwenye maji ya sabuni, huku wapita njia wakiwaruka na vijana wa viatu wakiitana kwa mizaha upande wa pili. Alikuwa amepoteza mtu akiwa hai mbele yake, anaosha raba.

Severa alimaliza jozi, akaipanga, akachukua nyingine.

"Kuna jambo moja," alisema bila kuinua uso. "Sitara yuko nyuma."

"Sitara? Jumanne alitoa."

"Alitoa ya kuazima. Na iliyotangulia pia. Ametoka hapa muda si mrefu, baada ya kuniletea machozi yake ya cherehani. Hana kitu, dada Zule. Mtoto ana miezi mitano, maziwa yamemkauka. Unajua aliandika nini kwenye ile karatasi ya dhamana? Kitanda. Kitanda wanacholalia na mwanawe." Akapiga brashi kwenye ukingo wa ndoo, povu likaruka. "Jumanne hii au ijayo Leodegar atakupa karatasi kwa upole wake ule. Na wewe utatangulia, kwa sababu sasa njia unaijua. Mara ya pili haitakuuma kama leo. Hilo ndilo ninaloliogopa, si hayo mengine."

Zulekha alifumba macho. Aliiona ile fremu, mlango wake wa chuma, kivuli chake, pa kutundika magauni. Aliiona vizuri kuliko siku zote, na aliiona inakwenda. Alijua gharama ya kukataa ni nini, si kwa leo tu. Ni Ritha atakayemtukana mbele ya soko zima, na Sabaha asiyemsemesha, na Jumanne zote zilizobaki juani mpaka uzee.

Akakishika kiganja cha Severa chini ya povu, brashi na vyote. Severa hakukitoa. Hakukikaza pia.

"Siendi kwa Sitara," Zulekha alisema, na alilisema kwa sauti ya kusikika, hata vijana wa viatu wakageuka. "Wallahi, Severa. Jumanne nitamwambia Leodegar deni la Sitara aliandike jina langu, na awamu ya nne waichukue wanaoitaka. Na wakienda na guta lao kwa yule mtoto, watanikuta mimi nimekaa juu ya kile kitanda, na hawataninyanyua."